UZI: Mzigo wa sumu ukilala Mokowe, usiku ule ni wa nani?

KaraniWaGati

Assalaam alaykum jamvini. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite.

Mimi naandikisha mizigo inayovuka baina ya Amu, yaani mji wa Lamu kisiwani, na Mokowe, gati ya upande wa bara. Ya kuja kila mtu anaijua: simiti, magodoro, mchele, soda. Ya kurudi ndiyo haina msemaji. Kisiwa kinatumia vitu, na vitu vikifa vinabaki: betri za sola, oili chafu za mashini za boti, taa za tyubu, rangi iliyoganda, rezini ya faiba na ile dawa yake ya kugandishia, klorini ya mabwawa ya kuogelea iliyopata unyevu. Hivi havizikwi pamoja na makumbi ya nazi. Hapa Lamu havina pa kufia. Lazima vivuke maji, vipande lori, vipitie Witu na Garsen mpaka Mombasa au mbele yake, kwa mtu aliye na leseni ya kuvipokea.

Safarini kwenyewe sina wasiwasi sana. Majini kuna nahodha, barabarani kuna dereva. Wasiwasi wangu ni pale katikati, mzigo umeshashuka botini na lori halijafika.

Mwisho wa 2023, mvua za El Niño mnazikumbuka, nyumba moja ya wageni ilisafisha stoo yake. Betri 22 za sola, ndoo nne za klorini ya unga, mapipa mawili ya oili. Boti ikavuka asubuhi na maji ya bamvua, safari ikawa nzuri, hata tone halikumwagika. Lori lilikuwa lije saa nne. Saa nne ikapita, adhuhuri ikapita, simu ikaja: maji yamekata barabara Lango la Simba. Tukausogeza mzigo chini ya kibanda cha mabati, karibu na mahali mahamali wanaponywea chai. "Kesho tu," tukaambiana.

Siku ya kwanza kila mtu alijua ni mzigo wa nani. Siku ya tatu watu wakaanza kuulizana. Siku ya sita betri mbili zikawa zimelazwa ubavu. Kuna mtu alikuwa akitafuta risasi ya kuuza, ile madini nzito iliyo ndani ya betri. Siku ya tisa mvua ikaingia kibandani. Tindikali iliyovuja ikachukuliwa na yale maji mpaka kwenye ndoo ya klorini yenye kifuniko kilichopasuka.

Aliyeipata ni hamali mmoja aliyekuwa amejilaza chini akingoja boti. Hewa ya klorini ni nzito kuliko hii tunayovuta, karibu mara mbili na nusu, kwa hivyo hutambaa chini. Sisi tuliosimama tulisikia harufu kali tu, kama ya jiki. Yeye alikohoa mpaka akatapika, macho yakawa mekundu kama ya mtu aliyelia matanga. Tulimkimbiza hospitali, alhamdulillahi akapona.

Baadaye nikafungua kitabu changu. Mwandiko wangu mwenyewe: *mzigo umeshuka, saa mbili na nusu*. Nikatafuta mahali palipoandikwa nani ameupokea. Hapana. Siku tisa ule mzigo haukuwa na mwenyewe, na aliyeuacha yatima ni mimi.

Wiki ijayo kuna mzigo mwingine wa aina hiyo unatoka Shela, kijiji cha hapa hapa kisiwani. Safari hii sitaki kubahatisha. Wenye elimu karibuni.

FundiBetri

Karani, pole kwa yule hamali. Upande wa betri nitasema mimi, maana nimezishika tangu ujana.

Betri iliyokufa haijafa. Ina umeme kidogo umebaki, tindikali yake iko palepale, na zaidi ya nusu ya uzito wake ni risasi. Kwa hivyo: isimame wima, isilale hata dakika. Vichwa vyake, chanya na hasi, uvifunike kwa tepu ya umeme au vipande vya tyubu ya baiskeli. Panga juu ya mbao, ukipanga safu mbili weka ubao katikati. Iliyopasuka isiwekwe na nzima. Itie kwenye beseni la plastiki lenye kifuniko. Bati usitumie, tindikali itakula bati kwanza kisha ije kwako.

Na usimruhusu mtu yeyote "kumwaga maji yake ili iwe nyepesi". Hilo naliona kila mwaka. Wanamwaga mchangani, wanauza gamba.

Kwa asiyejua risasi inafanya nini, aulize Owino Uhuru pale Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilikaa ukuta kwa ukuta na nyumba za watu, watoto wakapata sumu ya risasi damuni. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, kesi ikaenda juu ikarudi, mpaka Mahakama ya Juu ikawapa haki yao Desemba 2024. Hizo betri zilifika pale kwa magari kama haya yetu.

BintiShela

Swali la kijinga labda. Haya ni maoni ya watu wenye busara au kuna sheria? Maana mimi nafanya kazi hotelini, na meneja wangu akisikia "inafaa" hafanyi. Akisikia "utashtakiwa" anafanya.

KaraniWaGati

Dadangu, swali lako ndilo lenye akili kuliko yote. Sheria ipo. Sheria mama ni ile ya mazingira ya 1999, EMCA, iliyoianzisha NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira. Chini yake zikatoka kanuni za taka za 2006. Halafu 2022 ikaongezwa Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka, inayozipa kaunti kazi zaidi.

Kwa meneja wako, mwambie hivi. Taka hatari ni yake tangu ilipozaliwa stooni kwake; kumlipa mtu wa boti hakumtoi. Anayebeba lazima awe na leseni ya NEMA ya kusafirisha taka, siyo leseni ya biashara ya kaunti peke yake. Kila safari ina hati yake ya ufuatiliaji, imejazwa, na mbebaji awe nayo muda wote, siyo "iko kwenye WhatsApp ya bosi". Chombo kisivujishe, kisimwage njiani. Na kila chombo cha taka hatari kiwe na lebo inayosomeka, kwa Kiingereza na Kiswahili.

Hilo la Kiswahili nalipenda. Ndoo zile nne za 2023 zilikuwa na maandishi ya Kiingereza madogo kama mchwa. Mahamali watatu wa zamu ile wanasoma Kiswahili na Kiarabu. Lebo ilikuwepo, lakini kwa nani?

NahodhaMstaafu

Wanangu, salamu. Mimi macho yameniishia lakini mjukuu ananisomea na ananiandikia.

Nitasema la chomboni. Mnazungumza juu ya gati, lakini kuna mahali pengine mzigo hulala: ngamani, chini kabisa ndani ya chombo. Tindikali ikimwagika ndani ya mashua haitoki nje, inateremka ngamani, inakaa na maji. Baharia akifua maji anaimwaga baharini kwa ndoo, na mikono yake mitupu. Mimi nimeona kamba ya katani ikikatika mkononi kama uzi wa buibui, tulipochunguza ilikuwa imelala kwenye maji ya ngama siku moja tu.

Kwa hivyo chini ya mzigo wa majimaji weka beseni. Kubwa. Kipimo wanachosema wasomi ni beseni libebe asilimia 110 ya chombo kikubwa kilichomo, yaani pipa la lita 200 liwekewe kitu cha kubeba lita 220. Mimi nilikuwa natumia tangi la plastiki lililokatwa nusu.

La pili: abiria na sumu wasipande pamoja. Hata abiria mmoja. Hata kama ni mama mkwe wako.

La tatu, wakati wa kusi msivuke jioni na mzigo huo. Msubiri asubuhi, bahari ikiwa haijaamka. Na hesabuni maji: mkifika Mokowe maji yametoka sana, mtateremsha mzigo kwa mabega juu ya matope, na hapo ndipo watu huteleza.

FundiBetri

Shikamoo nahodha. Naongeza la huduma ya kwanza ya kumwagika. Tindikali ya betri: chokaa, au magadi, kisha mchanga juu yake. Chokaa Amu haikosekani. Oili: mchanga au vumbi la mbao. Klorini ya unga: usiweke vumbi la mbao, wala gunia, wala tambara lenye oili. Ile klorini ikikutana na oili au mafuta ya breki hujiwasha yenyewe, haihitaji kiberiti. Fagia kwa fagio kavu safi, tia kwenye ndoo kavu ya plastiki, ukae upande upepo unakotoka.

MsomaNjia

Na hapo kuna kosa ambalo Karani hajalitaja. Tatizo lenu la 2023 halikuwa siku tisa peke yake. Betri, klorini na oili havikupaswa kuwa kibanda kimoja hata saa moja.

Meli kubwa zina utaratibu wa kimataifa wa kugawa mizigo hatari madaraja tisa. Vimiminika vinavyowaka ni la 3. Vinavyolisha moto ni 5.1, na klorini ya unga imo humo. Sumu ni 6.1, vya kuambukiza 6.2, vinavyokula ngozi na chuma ni la 8, ambamo imo tindikali ya betri. Maana ya kugawa madaraja ni kujua nani hakai na nani. Klorini imeshaunguza meli za makontena baharini, meli zenye mabaharia waliosomea kazi. Sembuse kibanda cha mabati.

KaraniWaGati

Kweli kabisa, nimekubali. Tuliona ni safari moja, tukafanya mzigo mmoja.

MuAmuWaOhio

Salaam kutoka mbali. Mimi ni mzaliwa wa Langoni, sasa miaka kadhaa naendesha malori huku Marekani, na mizigo hii ya taka hatari ndiyo mkate wangu. Nawapa utaratibu wa huku, mchague kinachofaa.

Sheria yao ya taka ni ya 1976. Wao pia walikutana na swali la Karani: mzigo ukisimama njiani, mahali pa kubadilisha lori au kuingia treni, pale ni njia au ni ghala? Ghala la taka hatari linahitaji kibali kizito, linachukua miaka kulipata. Wakiita kila kituo ghala, hakuna mzigo utakaotembea. Wakiita kila kituo njia, watu wataficha taka vituoni milele na kusema "bado tuko safarini".

Wakakata shauri: siku kumi. Mbebaji akiushikilia mzigo kwenye kituo cha kuhamishia siku kumi au chini yake, vyombo vikiwa vimefungwa vizuri kwa kanuni za usafirishaji na hati iko na mzigo, bado anahesabiwa yuko njiani. Ikipita hapo, kile kituo kinageuka ghala mbele ya sheria, na mwenyewe anaulizwa kibali.

Hati yenyewe inaitwa manifesti. Mzalishaji anasaini, mbebaji wa kwanza anasaini na tarehe, wa pili vilevile, mpaka mpokeaji wa mwisho, ambaye nakala yake inarudi kwa mzalishaji. Nakala zinahifadhiwa miaka mitatu. Mzalishaji asipoona nakala inarudi, lazima aanze kuuliza, na asipopata jibu aripoti serikalini. Tangu 2018 kuna mfumo wa kompyuta kwa kazi hiyo, ingawa karatasi bado tunabeba.

Na kuna moja iliyonishangaza nilipoanza: ukichanganya taka za aina mbili tofauti ndani ya chombo kimoja, hata kwa nia ya kupunguza mapipa, wewe dereva unageuka mzalishaji. Majukumu yote ya mwenye kiwanda yanakuangukia. Kwa hivyo huku hakuna anayefungua pipa kituoni. Likivuja unalitia zima ndani ya pipa kubwa zaidi.

MchumaNazi

Hizo ni sheria za watu wenye barabara za lami nne. Sisi barabara ikikatika Tana inaweza kukaa wiki kadhaa. Siku kumi zikipita ndio mumkamate Karani?

Halafu hii oili chafu mnaiogopa kupita kiasi. Babu zetu walipaka vyombo sifa, sisi tunapaka oili. Mimi mbao zangu zote za paa nimezipaka, mchwa hagusi.

MuAmuWaOhio

Ndugu yangu, sikusema mhamishe sheria ya Marekani mpaka Mokowe. Nasema kitu kimoja tu ndani yake: kuwe na siku inayojulikana. Tano, saba, kumi, mtakavyoona. Ikifika siku hiyo na lori hakuna, mtu fulani mwenye jina anaanza kupiga simu, au mzigo unarudi ulikotoka. Lenu lilikuwa "kesho tu", na kesho haina tarehe.

NahodhaMstaafu

Mchuma, sifa ni mafuta ya ini la papa. Chombo kikinuka sifa, kinanuka papa. Oili ya mashini ina chuma kilichosagika na mabaki ya petroli, na mvua ikinyesha inashuka paani mwako inaingia mchangani. Wewe unakaa wapi? Kama ni upande wa Shela, maji ya mji wa Amu yanatoka chini ya vile vilima vya mchanga. Tunakunywa paa lako.

MchumaNazi

Haya mzee, nimenyamaza.

SisterWaZamu

Mmesahau za hospitali. Hizi zina saa, hazina siku.

Kwetu mifuko ni rangi: nyeusi ni taka za kawaida, njano ni za kuambukiza, nyekundu ni zile hatari zaidi. Sindano zinaingia kwenye sanduku lake gumu, likijaa robo tatu linafungwa, halifunguliwi tena. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba nchi za joto, bila jokofu, taka za kuambukiza zisikae zaidi ya saa 48 msimu wa baridi na saa 24 msimu wa joto. Fikirieni kaskazi ya Februari hapa, kibanda cha mabati, saa nane mchana.

Kwa hivyo zahanati za visiwani zisitume mzigo wa njano kwa boti ya "nikipata nafasi". Piga simu unakopeleka kwanza, hakikisha tanuri linafanya kazi, ndipo ufunge mfuko. Mara moja nilipokea masanduku ya sindano yaliyofungwa kwa gunia la mkaa, mbebaji kayaweka mapajani njia nzima. Sikujua nicheke au nimchanje.

MsomaNjia

Anayedhani kulala kwa mzigo ni jambo dogo asome habari za Koko. Ni bandari ndogo Nigeria. Mwaka 1988 iligundulika kwamba maelfu ya mapipa ya taka za viwanda vya Italia yamewekwa uani mwa mtu, aliyekuwa akilipwa kama dola 100 kwa mwezi. Yeye alidhani amekodisha kiwanja tu. Mapipa yanapasuka juani, majirani wanapita.

Mwaka uliofuata, 1989, ukapitishwa Mkataba wa Basel, na Afrika ikaandika wake, wa Bamako, 1991. Kenya imo Basel tangu 2000. Na ndani ya Basel kuna kifungu ambacho Karani angekipenda: kila anayeushika mzigo, kwa kutoa au kupokea, atie saini kwenye hati. Uani kwa yule bwana wa Koko hapakuwa na saini iliyosema *hiki ni nini*.

BintiShela

Nimempelekea meneja uzi mzima. Amejibu "OK". Kwa anayemjua, hiyo ni hotuba.

Mizigo yetu ya wiki ijayo: betri 14, ndoo mbili za klorini, oili lita 60, tyubu za taa kama thelathini.

KaraniWaGati

Basi sikiliza. Tyubu zirudishe kwenye maboksi yake au mfunge kwa magazeti, zisivunjwe eti zitoshe mahali padogo. Ndani kuna zebaki. Klorini haitavuka na betri, itavuka siku nyingine peke yake, ndoo kavu na kifuniko kizima. Oili iwe kwenye jerikeni zenye vifuniko vyake, siyo plastiki za nailoni. Lebo niandikie mimi nitachapisha Mkunguni, herufi kubwa, Kiswahili juu.

Boti haitoki Shela mpaka dereva anipigie akiwa ameshapita Witu. Lori ndilo lingoje boti, siyo kinyume chake. Likikwama, mzigo unabaki stooni kwenu chini ya kufuli lenu. Na ukishuka Mokowe, kitabu changu sasa kina safu mpya: *nani ameupokea*. Safu hiyo ikiwa tupu, mimi siondoki gatini, nitalala nao.

FundiBetri

Ulale upande upepo unakotoka.

KaraniWaGati

Habari za Jumatano. Dereva alipiga saa mbili, boti ikang'oa nanga saa mbili na nusu, bahari shwari. Mokowe tukakuta lori limesimama. Tukaanza kuhesabu. Hati inasema betri 14. Dereva kahesabu, 15. Nikahesabu mimi, 15. Dereva akaweka kalamu mfukoni akasema hasaini. Nilimpenda papo hapo.

Tumekaa juani nusu saa tukipigiana simu na Shela. Mwishowe hati ikaandikwa upya kwa namba ya kweli, tukasaini wote watatu, lori likaondoka saa tano kasorobo.

BintiShela

Sisi tulitoa 14, nilizihesabu kwa mkono wangu! Ya kumi na tano ni ya nani?

KaraniWaGati

Ya nahodha wa boti. Ilikuwa chini ya kiti chake tangu Ramadhani.